Tunacheza sheria za wapi? Namna ya kupanga timu ya Pokémon kabla hujaingia kwenye pambano

Wakuu habari za wikiendi. Hii nimeiandika kwa ajili ya wadau wa Dodoma hasa wale wa Makole, Area C na vijana wa UDOM ambao siku hizi mnacheza Pokémon ya mapambano kwenye simu, maana ugomvi ni uleule kila tukikaa, mtu kaandaa timu yake vizuri, zamu ya tatu tu unasikia "oya hiyo si imekatazwa?", mwenzake anajibu "imekatazwa na nani?", na ukichunguza wote wawili wako sahihi, mmoja kajifunzia kwenye video za Wamarekani na mwingine kajifunzia kwenye renki (mechi za kupanda ngazi) ya gemu lenyewe la Nintendo Switch ambako Wajapani wamejaa kibao. Ni kama lasti kadi, ukihama mtaa tu unakuta kadi uliyozoea kumalizia huko hairuhusiwi.

Sasa watu wanadhani tofauti ya sheria ni kitu kidogo cha kuelewana juujuu halafu mnaanza. Hapana. Sheria ndo inaamua mnyama gani, yaani Pokémon gani (sio Simba, tulieni), ni mfalme na yupi ni mzigo, inaamua ubebe aitemu (kifaa anachovaa mnyama) gani, inaamua hata kama unatakiwa ucheze haraka au ucheze kwa kuchosha. Timu nzuri ya Japani ukiipeleka kwenye sheria za kina Smogon (mashabiki wa Magharibi) bila kuigusa inakufa, na kinyume chake vilevile. Kwa hiyo twende taratibu.

HATUA YA KWANZA: jua uko kwenye dunia ipi kati ya tatu

Dunia ya kwanza ni ya Kijapani, mmoja mmoja, unakuja na wanyama 6 unachagua 3. Hii ina mizizi mirefu. Gemu za kwanza, Red na Green, zilitoka Japani Februari 1996, wakati Wamarekani wamezipata Septemba 1998, na hapo katikati Japani tayari kulishakuwa na mashindano rasmi, Nintendo Cup ya 1997, ambayo sheria yake ilikuwa tamu kweli: wanyama wote wawe levo 50 mpaka 55, halafu wale 3 unaowachagua jumla ya levo zao isizidi 155. Yaani ukimpa mmoja levo 55 basi wenzake wawili wanabaki 50, au unagawa 53, 52, 50. Hebu fikiria mahesabu hayo, kabla hata ya kupigana unaanza kumtega mwenzako, unamwonesha 55 wako ili ajiandae naye, afu humtoi. Ile tabia ya sita-chagua-tatu haijawahi kuwaacha, mpaka leo renki ya mmoja mmoja ndani ya gemu ndo iko hivyohivyo na wote wanashushwa au kupandishwa kuwa levo 50.

Dunia ya pili ni ya mashabiki wa Magharibi, Smogon, waliojikusanya mtandaoni tangu 2004. Hawa wanacheza mmoja mmoja ila 6 kwa 6, wanyama wote wanaingia, levo 100. Hakuna kampuni iliyowapangia, wamejitungia wenyewe, wanapiga kura nani afukuzwe, na wanagawa wanyama kwa matabaka kutokana na matumizi, tabaka la OU (OverUsed) ni la wale wanaotumika angalau asilimia 4.52 ya timu (hiyo namba sio ya bahati nasibu, wameipiga hesabu ili ukicheza mechi 15 uwe na nusu ya uwezekano wa kumkuta huyo mnyama walau mara moja). Simuleta ya Pokémon Showdown ambayo wengi wetu tunatumia ndo nyumbani kwao, ni bure, inafunguka kwenye browsa, bando inakula kidogo sana.

Dunia ya tatu ni VGC (Video Game Championships), mashindano rasmi ya dunia. Wawili wawili uwanjani, unakuja na 6 unachagua 4, levo 50. Hii ndo iliyompa ubingwa Wolfe Glick 2016, Paul Ruiz wa Ecuador 2018, Luca Ceribelli wa Italia 2024 kule Honolulu, na Giovanni Cischke 2025 kule Anaheim. Ukisikia mtu anasema "bingwa wa dunia wa Pokémon" kwenye gemu la video anaongelea hii, sio zile mbili za juu.

Ukikutana na mtu usiulize "unacheza Pokémon?", muulize "unacheza ipi?" Jibu lake likikosa hizo tatu basi anacheza Random Battle (timu unapangiwa na kompyuta), mpeni soda aendelee kujifunza, na simaanishi kwa dharau, ile ndo njia bora ya kuwajua wanyama haraka.

HATUA YA PILI: soma vifungu hivi kabla hujagusa timu

Usisome sheria zote kama mkataba wa benki, nenda moja kwa moja kwenye vifungu vinavyobadilisha mchezo.

Wangapi wanaingia. Hiki ndo baba wa vyote. Kwenye 6 kwa 6 watu wanabadilisha wanyama mara nyingi sana kwa hiyo Stealth Rock (mawe yanayotegwa upande wa mpinzani) ni lazima uyafikirie, kila anayeingia anakatwa damu kulingana na udhaifu wake kwa aina ya Rock, kawaida ni asilimia 12.5, mwenye udhaifu mara mbili 25, mwenye udhaifu mara nne kama Volcarona au Charizard ananyofolewa nusu nzima ya damu kwa kuingia tu mlangoni. Ndo maana kule Smogon utamkuta Volcarona kavaa Heavy-Duty Boots (viatu vinavyomkinga na mawe) karibu kila siku. Ukienda kwenye 3 kwa 3 mabadiliko ni machache, mawe bado yapo ila hayana muda wa kukusumbua hivyo, na Volcarona huyohuyo anaweza kubeba kitu kingine chenye kuua. Ukienda wawili wawili ndo kabisa, zamu uliyotumia kutupa mawe wapinzani wawili wameshakupiga mara mbili, nani ana muda huo?

Na kwenye 3 kwa 3 kuna jambo lingine, ukipoteza mmoja umepoteza theluthi ya jeshi. Kwa hiyo wanyama wa kuaminika peke yao wanapanda bei. Mimikyu ni mfano mzuri, abiliti (kipaji chake) ya Disguise inamfanya apokee pigo la kwanza karibu bure, hapo anajijaza nguvu anaanza kufagia, na Wajapani wamempenda tangu alipotoka. Ditto naye, mwenye Choice Scarf ya kuongeza spidi, anaingia anamnakili yule uliyehangaika kumjaza nguvu halafu anakupiga na nguvu zako mwenyewe. Kwenye 6 kwa 6 una nafasi ya kubeba dawa ya kila ugonjwa, kwenye 3 huna, kwa hiyo zile sekunde za kuchagua watatu ni nusu ya mechi.

Aitemu. Kwenye sheria rasmi, zote za mmoja mmoja na za wawili wawili, hakuna wanyama wawili wa timu moja kubeba aitemu moja. Smogon kwenye OU hawana hicho kifungu, unaweza ukawavisha wanyama wanne Boots na hakuna wa kukuuliza. Hapa ndo timu nyingi za kunakili mtandaoni zinagomea, umechukua timu ya OU umeipeleka kwenye fomati ya Kijapani, Showdown inakuandikia maneno mekundu kibao unadhani simu imeharibika.

Usingizi, ukwepaji na pigo moja. Smogon miaka mingi walikuwa na sheria kwamba ukishamlaza mmoja huruhusiwi kumlaza wa pili, chanzo chake ni sheria za Pokémon Stadium, na mwaka 2024 kwenye OU ya kizazi cha 9 (Scarlet na Violet) wakaona haitoshi wakazipiga marufuku muvu (mapigo na mbinu za mnyama) za kulaza zenyewe. Double Team na ndugu zake za kukwepa, marufuku. Fissure na Sheer Cold za kuua kwa pigo moja, marufuku. Sasa njoo kwenye renki ya gemu: hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Ting-Lu anakupiga Fissure yenye asilimia 30 ya kupata, ikipata umekwenda, ikikosa anarudia, na Dondozo pia anayo. Mimi binafsi nachukia Fissure kuliko jua la Oktoba hapa Dodoma, ila ni halali, na ukienda kule bila mpango dhidi yake (mwenye aina ya Flying haimgusi, mwenye abiliti ya Levitate pia) usije kulia. Kwenye wawili wawili Amoonguss na Spore yake anaweza kuwalaza wote wawili na hakuna kifungu cha kukuokoa, unatakiwa ubebe mnyama wa aina ya Grass au Safety Goggles, maana Spore ni poda na poda hazifanyi kazi kwao.

Muda. Hiki watu wanakiruka na ndo kinawaua. Kwenye sheria rasmi za kizazi cha 9 una sekunde 90 za kuchagua wanyama, sekunde 45 kila zamu, dakika 7 zako binafsi za kufikiri kwa mechi nzima, na mechi yenyewe dakika 20. Muda ukiisha anaangaliwa nani kabaki na wanyama wengi, wakilingana inaangaliwa asilimia ya damu. Maana yake timu ya kuchosha, ya kujiponya na kuweka sumu na kusubiri, inabidi iwe inaongoza kabla ya saa kuisha. Kwenye Showdown mechi ya 6 kwa 6 inaweza ikaenda mamia ya zamu, kuna ukomo wa zamu 1000 kisha inakuwa sare, nani amefika huko simjui, ila timu za namna hiyo zinaishi kule kwa raha mustarehe.

Kuoneshana timu. Wote siku hizi mnaona sura za wanyama 6 wa mpinzani kabla ya kuanza, hilo limeanza na Black na White. Lakini kwenye mashindano makubwa ya VGC sasa hivi mnapeana karatasi kabisa, inaonesha aitemu, abiliti, muvu zote nne na aina ya Tera (aina anayoweza kugeukia katikati ya mechi), kinachobaki siri ni namba za EV (pointi za mazoezi unazogawa) na tabia (nature). Kwenye renki ya mtandaoni hakuna karatasi, na mechi ni moja tu, hakuna ya pili ya kulipiza. Unaona inavyobadilisha? Mechi moja bila karatasi, mtego wa ajabuajabu unalipa, aitemu ambayo hakuna anayeitegemea inashinda mechi. Mechi tatu na karatasi iko mezani, mtego umekufa kabla haujazaliwa, unatakiwa uwe na timu imara na ujue kusoma akili ya mtu. Japani mchujo wao wa kuingia fainali za taifa huwa unaanzia mtandaoni ndani ya gemu, kwa hiyo usishangae wachezaji wao kuwa na vitu vya kushtukiza, wameivishwa kwenye moto huo.

Vilevile angalia regulation ya sasa, yaani orodha ya nani anaruhusiwa. VGC inabadilisha hiyo kila baada ya miezi kadhaa, Regulation G iliruhusu mnyama mmoja wa daraja la juu kama Koraidon au Miraidon, H ikawafuta kabisa, I ikaruhusu wawili. Timu ya G ukiipeleka H ni sawa na kuja uwanjani na mchezaji ana kadi nyekundu.

HATUA YA TATU: chukua mnyama mmoja umpitishe kwenye sheria zote

Hili ni zoezi, ukilifanya na mnyama mmoja mara moja hutahitaji tena kuambiwa. Tumchukue Dragonite kwa sababu yupo kote.

Dragonite ana abiliti mbili za kuchagua. Multiscale inapunguza nusu ya maumivu kama damu yake imejaa, na Inner Focus inamzuia asishtuke akapoteza zamu, na pia haogopi Intimidate (abiliti ya kushusha nguvu za mpinzani).

6 kwa 6: Multiscale ni nzuri ila mawe yakiwa chini kila akiingia anakatwa asilimia 25 na hapo Multiscale imekufa kwa sababu damu haijajaa tena. Basi unamvisha Boots, anaingia na kutoka bila mkwaruzo, anacheza Dragon Dance (inampandisha nguvu na spidi) au anajiponya na Roost. Kazi yake ni ya muda mrefu.

3 kwa 3: anaweza kuingia mara moja tu mechi nzima, damu imejaa, Multiscale inafanya kazi, anapokea pigo moja anacheza Dragon Dance halafu anageuka Tera Normal na Extreme Speed inakuwa kisu, yule mwenye spidi kuliko wewe hana faida maana Extreme Speed inatangulia. Boots hapa mara nyingi ni kupoteza nafasi ya aitemu. Kwenye renki ya Scarlet na Violet huyu bwana alikuwa kila mahali.

Wawili wawili: hapo Multiscale inavunjwa na mpinzani mmoja kisha mpinzani wa pili anakumaliza zamu hiyohiyo, wanakupiga wawili, ni maisha hayo. Ndo maana utakuta watu wanachukua Inner Focus ambayo kule kwingine wanaiona takataka, kwa sababu kwenye wawili wawili kila mtu ana Fake Out (muvu ya kumshtua mtu akose zamu) na kila mtu ana Incineroar mwenye Intimidate. Dragonite wa Inner Focus anamwangalia Incineroar usoni anampiga Extreme Speed akiwa na Choice Band ya kuongeza nguvu, hashtuki, hapunguzwi nguvu. Mnyama huyohuyo, kazi tatu, aitemu tatu, abiliti mbili.

Na huyo Incineroar mwenyewe ni somo. Kwenye OU ya mmoja mmoja hayumo. Kwenye VGC ni kama mwenyekiti wa kijiji, kila kikao yupo. Sababu ni kwamba kila anachofanya kinagusa watu wawili: Intimidate inashusha nguvu za wapinzani wote wawili kwa mpigo, Fake Out inampa mwenzake zamu ya bure, Parting Shot anaondoka huku kakuachia udhaifu. Kwenye mmoja mmoja hayo yote thamani yake inakatwa nusu. Kinyume chake Flutter Mane, OU walimfukuza mapema sana akaenda Ubers (tabaka la waliofukuzwa), wakati VGC kaachwa acheze na akawa anaonekana kwenye timu kila kukicha. Sejun Park wa Korea alichukua ubingwa wa dunia 2014 akiwa na Pachirisu, kale kapanya ka umeme, kwa sababu Follow Me inavuta mapigo yote yaje kwake na mwenzake anafanya kazi, leta Pachirisu kwenye 6 kwa 6 uone utakavyochekwa.

Kwa hiyo mpangilio wa maswali kwa kila mnyama uko hivi: ataingia mara ngapi, atapigwa na wangapi kwa zamu, aitemu yake kuna mwenzake anaitaka, na kama nimezuiliwa muvu yake kuu bado ana kazi? Ukikosa jibu la mojawapo mtoe.

HATUA YA NNE: rekebisha namba, levo 50 sio levo 100

Hapa ni fupi ila wengi wanapoteza pointi bure. Levo 100 kila EV 4 inakupa pointi moja. Levo 50 ile 4 ya kwanza inakupa pointi moja (kama IV, yaani pointi za kuzaliwa nazo, ni 31), baada ya hapo kila pointi inahitaji 8. Mfano spidi ya Dragonite levo 50 bila EV ni 100, ukiweka 4 inakuwa 101, ukiweka 8 bado ni 101, ukiweka 12 ndo 102. Hizo 4 za katikati umezimwaga chini. Kwa hiyo namba zako levo 50 ziwe 4, 12, 20, 28 mpaka 252, na jumla ni 510 huwezi kuzidi. Ukitumia kikokotoo cha damaji hakikisha umebadilisha levo kwenda 50, na kama ni wawili wawili weka hivyo pia, sababu muvu inayopiga wote wawili inashuka mpaka asilimia 75 ya nguvu yake, na Earthquake inampiga na rafiki yako, hilo nadhani kila mtu analijua siku ya kwanza anapomuua mwenzake.

Kwenye Showdown ukimaliza bonyeza Validate, ikikataa soma inachosema, usije ukaanza kulalamika kwenye grupu.

HATUA YA TANO: fanya mazoezi mahali sahihi na saa sahihi

Kama unajiandaa kwa sheria za Smogon, Showdown inatosha, takwimu za matumizi wanatoa kila mwezi bure. Kama unajiandaa kwa sheria za Kijapani au VGC, pakua app ya Pokémon HOME kwenye simu, kule kuna data za renki ya gemu lenyewe, mmoja mmoja na wawili wawili, unaona mnyama gani anaongoza, anabeba nini, anatumia muvu gani. Ni dhahabu ile na watu hawaigusi, wanaenda kutafuta video za dakika 40.

Mwenye Switch na anayepanda renki ya kweli azingatie saa. Sisi tuko saa sita nyuma ya Tokyo, kwa hiyo saa tisa alasiri Dodoma kule ni saa tatu usiku, watu wametoka kazini wamekaa, hapo utakutana na mtindo wa Kijapani sawasawa. Usiku wa saa tatu nne hapa ndo Ulaya wako macho, tofauti yetu na Italia ni saa moja au mbili kutegemea msimu. Wamarekani wa mashariki ukiwataka jioni yao ukae mpaka saa tisa au kumi usiku, hiyo waachie wanaosomea mitihani. Uzuri wa gemu hili ni la zamu kwa zamu, intaneti ikiwa nzito kidogo haikuui kama kwenye mpira au risasi, mradi isikatike.

Na baada ya kila mechi hifadhi marudio, Showdown ina kitufe. Angalia pale ulipochagua wanyama, zamu za mwisho mara nyingi mechi ilishaisha zamani.

Kwa wale wazee wa zamani mnaopenda kizazi cha 1, hata huko kuna tofauti ya nchi ndani ya kodi yenyewe: Blizzard kwenye matoleo ya Kijapani ilikuwa na asilimia 30 ya kumgandisha mtu, matoleo ya Magharibi wakashusha kuwa 10, na kwenye kizazi hicho ukigandishwa huyeyuki mwenyewe mpaka upigwe na muvu ya moto. Yaani kila Blizzard ya Kijapani ni bahati nasibu na mnyama wako yuko hatarini kuwa sanamu. Showdown wana fomati za Kijapani na Nintendo Cup 1997 za kizazi hicho kwenye orodha ya zamani, zitafuteni mjaribu, mtaelewa kwa nini mababu wa mchezo huu walikuwa na roho ngumu.

HATUA YA SITA: mkiandaa bonanza lenu kijiweni

Hapa Dodoma hakuna anayewalazimisha sheria, kwa hiyo mnachagua. Ushauri wangu kwa watu 8 mpaka 16 na siku moja ya Jumamosi: chukueni ya Kijapani, 6 chagua 3. Mechi zinaisha haraka, timu sio ngumu kuandaa kama wawili wawili, na mgeni anaweza akamfunga mkongwe. 6 kwa 6 mkianza saa nne asubuhi na kuna mtu mmoja ana timu ya kuchosha mtakula chakula cha jioni hapohapo.

Ila msichukue kila kitu cha Kijapani. Mimi napendekeza muongeze marufuku mbili kutoka Smogon, pigo moja na ukwepaji, kwa sababu bonanza la siku moja halina mechi za kutosha kusawazisha bahati, mtu asije akatolewa na Fissure mbili halafu akagoma kuja tena. Usingizi muache kama ulivyo, wafundishe watu kubeba dawa. Najua kuna kaka mmoja atanibishia hapa, aje tubishane Nyerere Square, kahawa juu yangu.

Showdown inakubali sheria za kujitungia. Ukimpa mtu changamoto kwa kuandika, baada ya jina la fomati unaweka @@@ halafu sheria zako zimetenganishwa kwa mkato. Kwa mfano Picked Team Size = 3, Adjust Level = 50, Item Clause = 1, OHKO Clause, Evasion Clause. Ukitaka kuondoa sheria iliyopo unaweka alama ya mshangao mbele yake, ukitaka kumzuia mnyama fulani unaweka alama ya kutoa mbele ya jina lake. Mtu mmoja aandike mstari huo vizuri aujaribu usiku wa kuamkia bonanza, aurushe kwenye grupu, wengine wanakopi tu, kila mtu akiandika wa kwake mtakuta mechi mbili zina sheria tofauti na hamjui.

Halafu mambo madogomadogo ambayo ndo yanaleta vurugu:

Timu zifungwe kabla ya kuanza, kila mtu amtumie msimamizi maandishi ya timu yake, hakuna kubadilisha katikati eti umeona mwenzako ana nini. Msimamizi asicheze, au akicheza basi timu yake aiweke wazi kwa wote.

Amueni kama mnaoneshana karatasi au hapana. Kama mnacheza mbili kwa tatu oneshaneni, kama ni mechi moja moja fichaneni, nimeshaeleza sababu juu.

Kitufe cha taima kibonyezwe kila mechi na wote wawili, kwenye Showdown hakijiwashi chenyewe. Mtu asikae dakika tano anafikiria kama anasaini mkataba wa kiwanja.

Umeme na mtandao. Kubalianeni mapema: mtu akikatika, taima ndo hakimu, akirudi kabla haijaisha anaendelea, ikiisha kapoteza, hata kama mtaa mzima umezimika. Inauma ila bila hivyo kila anayezidiwa ataishiwa bando ghafla. Fainali tu ndo muirudie kama wote wawili mmekatika kwa pamoja, na wekeni simu mbili za akiba zenye laini za mitandao tofauti.

Mstari wa sheria ninaoutumia mimi nitauweka kwenye grupu leo jioni, mwenye pendekezo la mnyama wa kuzuiwa alete na sababu, na "ananifunga kila siku" sio sababu.